Mjukuu Wangu Yuko Kituoni: Nitampataje?

"Mimi ndiye bibi yake. Mama yake nimemzaa mwenyewe. Iweje leo niombe ruhusa kwa mtu baki kumchukua mjukuu wangu?"

Swali hili huulizwa kwenye mabenchi ya ofisi za ustawi wa jamii na mbele ya meza za msaada wa kisheria. Anayeuliza huwa amekuja na bahasha iliyochakaa: kadi ya kliniki, picha moja ya mtoto, barua ya mwenyekiti wa mtaa. Wengine ni mababu. Wote wanaamini kwamba damu inatosha.

Sura hii inajibu swali lao kwa upande wa Tanzania Bara, kwa kufuata Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Zanzibar ina sheria yake, Sheria ya Mtoto Na. 6 ya mwaka 2011, kwa hiyo msomaji wa Unguja au Pemba aanzie huko.

Jibu fupi ni hili: undugu unakupa haki ya kusikilizwa, lakini peke yake haukukabidhi mtoto. Sheria inamtanguliza mtoto, kisha inauliza ni nani kati ya watu wazima anayeweza kumpa maisha anayostahili. Bibi aliyelielewa jambo hili mapema huokoa miezi mingi ya kuzungushwa.

Mtoto aliyeokotwa stendi

Tuchukue mfano. Nimeusuka kutokana na mambo yanayojirudia, si habari ya familia moja.

Binti wa miaka sita anakutwa usiku, peke yake, stendi ya Mbagala Rangi Tatu. Mama yake, muuza maandazi, ameugua ugonjwa wa akili na hajulikani aliko. Dereva wa bodaboda anampeleka mtoto kituo cha polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, yaani ofisi ya polisi inayoshughulikia ukatili wa kijinsia na mashauri ya watoto. Polisi wanamwita Afisa Ustawi wa Jamii. Huyu ni mtumishi wa halmashauri ambaye kazi yake ni kulinda watoto na wengine wasio na mtetezi. Kesho yake mtoto yuko kwenye makao ya watoto, ambayo wengi wetu huyaita "kituo".

Bibi yake anaishi Mkuranga. Si mbali, lakini habari zinamfikia baada ya miezi minne, kwa mdomo wa jirani aliyepeleka mihogo mjini. Anafunga safari na mkate wa kumimina mkononi. Getini mlinzi anamwambia, "Bibi, nenda kwanza ustawi."

Maneno hayo humkata mtu maini. Lakini tufikirie upande wa pili. Mlinzi hamjui bibi huyu. Kama kila anayejiita ndugu angekabidhiwa mtoto pale pale, lango lingekuwa wazi pia kwa anayetafuta mtoto wa kumfanyisha kazi za ndani, na hata kwa yule aliyemtesa akakimbia. Lango lililomzuia bibi siku ile ndilo lililomlinda mjukuu wake kwa miezi minne.

Kwa nini mtoto yuko mikononi mwa serikali?

Sheria inatambua kundi la watoto wanaohitaji matunzo na ulinzi: yatima asiye na wa kumtunza, mtoto aliyetelekezwa, anayeteswa, anayeombaomba mitaani. Mtoto wa namna hiyo mahakama inaweza kumtolea *amri ya matunzo*. Maana yake ni kwamba wajibu wa mzazi unahamia kwa Afisa Ustawi wa Jamii kwa muda. Amri hiyo haizidi miaka mitatu, na hukoma mtoto akitimiza miaka 18 ikiwa siku hiyo itatangulia.

Soma tena neno "muda". Amri ya matunzo haimgeuzi mtoto kuwa mali ya serikali.

Amri ikishatolewa, afisa anachagua mahali pa kumweka mtoto. Sheria inamtajia sehemu tatu:

1. Makao ya watoto yaliyoidhinishwa. Yapo ya serikali, kama Makao ya Taifa ya Watoto Kurasini, Dar es Salaam, na yale ya Kikombo, Dodoma. Mengi mengine yanaendeshwa na taasisi za dini na asasi binafsi kwa leseni.
2. Kwa mlezi wa kuaminika, yaani mtu wa jamii aliyechunguzwa na kukubaliwa kumpokea mtoto kwa muda.
3. Nyumbani kwa mzazi, mlezi au ndugu wa mtoto.

Hiyo ya tatu ndiyo ambayo bibi wa Mkuranga hakuambiwa getini. Hahitaji kuivunja sheria wala kuishinda. Sheria yenyewe imemwandika tayari. Kilichobaki ni kuonyesha kwamba ndugu huyo yupo, anajulikana, na nyumba yake ni salama.

Sheria pia inaitaka mamlaka ya serikali za mitaa, yaani halmashauri, kufanya kila jitihada, hata kwa matangazo kwenye vyombo vya habari, kuwatafuta wazazi au walezi wa mtoto aliyepotea au kutelekezwa. Ukifika ofisini na ushahidi mkononi, umewasaidia kukamilisha wajibu wao. Sema hivyo kwa heshima, na ulisimamie neno lako.

> Kwa kifupi: Mtoto aliye kituoni yuko pale kwa muda. Ndugu ni miongoni mwa watu ambao sheria inaruhusu wakabidhiwe. Mlango wa kwanza ni ofisi ya ustawi wa jamii. Lango la kituo linafuata baadaye.

Haki ni ya nani?

Wazee wengi huanza maombi yao kwa kusema, "Nataka haki yangu." Ningekuwa karibu yao ningewanong'oneza wabadilishe neno moja tu: "Nataka haki *yake*."

Kipimo kikuu cha sheria kinaitwa *maslahi bora ya mtoto*. Maana yake ni kuuliza, katika kila uamuzi, lipi litamfaa zaidi mtoto huyu, huyu aliye mbele yetu, si watoto kwa ujumla. Kipimo hicho kimo pia kwenye Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991. Mkataba huo unasema kwamba anapotafutiwa mahali pa kulelewa mtoto aliyetengana na familia yake, izingatiwe asimegwe kutoka kwenye dini, utamaduni na lugha aliyokulia.

Hapo ndipo bibi na babu wanapobeba kitu ambacho kituo kizuri namna gani hakiwezi kukinunua. Wao wanajua mtoto alizaliwa usiku gani na jina lake lilitoka kwa nani. Wanajua ana shangazi wangapi, na kwamba akilia hivi ni njaa na akilia vile ni usingizi. Kwa mizani ya sheria, hayo si porojo za wazee. Ni sehemu ya maslahi ya mtoto.

Na muda nao una uzito wake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti waliwafuatilia watoto wadogo 136 waliokuwa wakilelewa kwenye taasisi mjini Bucharest, Romania. Kwa kura, nusu walipelekwa kwenye familia za kuwalea na nusu wakabaki kwenye utaratibu wa kawaida. Waliopata familia walikua vizuri zaidi kiakili na kihisia, hasa waliohamishwa kabla ya kutimiza kama miaka miwili. Nchi jirani nazo zimegeukia huko. Rwanda ina mpango wa kitaifa wa kuwatoa watoto vituoni kwenda kwenye familia. Kenya, mwaka 2022, ilipitisha Sheria mpya ya Watoto na kutangaza mkakati wa miaka kumi wenye lengo hilo hilo. Kwa hiyo babu anayedai mjukuu wake alelewe nyumbani haendi kinyume na wakati.

Njia zilizopo

Watu huchanganya mambo matatu, na kuyachanganya kunaweza kukupeleka dirisha lisilo lako.

*Kuunganishwa na familia.* Afisa anachunguza, anaridhika, mtoto anahamia kwako. Amri ya matunzo inaweza kuendelea huku mtoto akiishi kwako, au mahakama ikaiondoa na kuweka *amri ya usimamizi*: mtoto yuko nyumbani, afisa anakuja kuangalia maendeleo yake. Amri hii haizidi mwaka mmoja. Kwa bibi au babu, njia hii ndiyo ya kuanzia.

*Haki ya malezi.* Hii ni amri ya mahakama inayosema mtoto ataishi na nani na nani atafanya maamuzi yake ya kila siku. Mzazi, mlezi au ndugu anayemtunza mtoto anaweza kuiomba. Angalia maneno "anayemtunza". Ndiyo maana njia ya kwanza hutangulia: mtoto akishakuwa mikononi mwako, ombi lako linasimama imara zaidi.

*Kuasili.* Hapa uhusiano wa kisheria kati ya mtoto na wazazi waliomzaa unakatwa, na aliyeasili anakuwa mzazi mbele ya sheria. Babu na bibi wengi hawahitaji kufika huko. Mama akipona arudi akute binti yake amegeuka kuwa mdogo wake? Kwa familia za Kiislamu, ambako nasaba ya mtoto haibadilishwi, haki ya malezi inafaa zaidi, kwani inampa mtoto matunzo na kumwachia jina la baba yake.

Kuna pia *malezi ya kambo*, yaani mtoto kulelewa na familia isiyomzaa chini ya usimamizi wa ustawi wa jamii. Ukisikia mjukuu wako anaandaliwa kupelekwa huko, usikae kimya. Andika barua siku hiyo hiyo kueleza kwamba wewe ni ndugu na uko tayari kumpokea.

Afisa anapobisha hodi

Kabla ya kumtoa mtoto, afisa huandika *taarifa ya uchunguzi wa kijamii*. Ni maelezo ya hali ya familia yanayosomwa na mahakama. Ili aiandike lazima aje kwako. Wengi huiogopa siku hiyo kama mtihani. Tuingie naye nyumbani kwa bibi wa Mkuranga.

Nyumba ni ya vyumba viwili, bati juu, sakafu ya udongo iliyofagiliwa hadi ikawa na mistari ya ufagio. Afisa ni msichana wa umri wa wajukuu zake wakubwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani, jua kali hili."

Bibi ameazima viti viwili na kitambaa cha meza kwa jirani. Afisa havitazami. Anauliza mtoto atalala wapi. Anaonyeshwa kitanda cha bibi, na pembeni godoro dogo limeegemezwa ukutani, chandarua kimefungwa fundo juu. Anauliza maji yanatoka wapi, choo kiko wapi, shule ni mwendo gani. Anauliza nani wengine wanalala humo. Hili analirudia mara mbili, kwa sababu watoto wengi huumizwa na watu wa ndani. Kisha anaweka kalamu chini.

"Bibi, ukiumwa wewe, nani atamwamsha aende shule?"

Bibi anakaa kimya. Swali hilo hakuliandaa.

"Na anapenda kula nini?"

Hili analijibu kabla halijamalizika. "Ukoko! Ukoko wa wali, ule wa chini ya sufuria. Ukimnyima ukoko siku hiyo hamuelewani."

Afisa anacheka, na anaandika. Anapoaga anarudi kwenye lile la kwanza: "Bibi, nitafutie jibu la kuumwa." Baada ya wiki moja bibi yuko ofisini na mama mdogo wa mtoto, binti wa miaka 28 anayeishi nyumba ya tatu kutoka kwake. Mama mdogo ameandika kwa mkono wake kwamba bibi akishindwa, yeye atampokea.

Karatasi ile ina uzito kuliko viti vyote vya kuazima. Afisa hatafuti nyumba ya kifahari. Anatafuta usalama, ukweli, na mpango wa kesho.

Mambo ya kubeba kwenye bahasha

- Cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Kama hakipo, tangazo la kizazi au kadi ya kliniki, na uanze kufuatilia cheti RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo.
- Kitu kinachokuunganisha na mzazi wa mtoto: cheti chake cha kuzaliwa, cha ubatizo, au cha shule chenye jina lako.
- Kitambulisho chako cha taifa au cha mpiga kura.
- Barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa au kijiji.
- Muhtasari wa kikao cha familia, wenye saini, unaosema ukoo umekubali mtoto akae kwa nani.
- Jina na maelezo ya msaidizi wako, yule wa "ukiumwa".
- Kama mzazi amefariki, cheti cha kifo. Kama yupo, ridhaa yake kwa maandishi iwapo inapatikana.

Toa nakala za vyote. Nakala halisi usiiache ofisini bila kuandikiwa kwamba imepokelewa.

Mbele ya hakimu

Shauri la mtoto husikilizwa na Mahakama ya Watoto. Usiogope jina. Haikai pamoja na mahakama ya kawaida: hukutana jengo jingine, chumba kingine au saa tofauti. Watu wa kusikiliza tu hawaruhusiwi, na mazungumzo hayana ukali wa kesi za wakubwa. Afisa Ustawi wa Jamii huwapo.

Katika kuamua nani apewe haki ya malezi, hakimu hupima mambo kadhaa: umri na jinsia ya mtoto, kwamba ni vema mtoto akae na wazazi wake, isipokuwa haki zake zinavunjwa nao mara kwa mara, ndugu wa tumbo moja wasitenganishwe, malezi yasikatwekatwe ovyo, na maoni ya mtoto mwenyewe, ilimradi ameyatoa kwa hiari yake.

Hilo la mwisho liangalie sana. Usimfundishe mtoto cha kusema. Mtoto aliyekaririshwa hujulikana, na aliyemkaririsha hupoteza imani ya mahakama. Usiporidhika na uamuzi, rufaa inakwenda Mahakama Kuu.

Huna fedha za wakili? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, watu waliopewa mafunzo ya kuwasaidia wananchi bila malipo. Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania (TAWLA) na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu nao hutoa msaada huo.

Vikwazo vitatu vinavyowakatisha tamaa wazee

*"Mimi ni mzee."* Kifungu cha haki ya malezi hakikutaja umri wa mwisho wa mwombaji. Kinachopimwa ni uwezo wako na mpango wako. Babu wa miaka 70 mwenye msaidizi wa kuaminika anaweza kusimama mbele ya mjomba wa miaka 35 asiyelala nyumbani.

*"Mimi ni maskini."* Miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala, iliyopitishwa mwaka 2009, inasema wazi kwamba umaskini peke yake hautoshi kuwa sababu ya kumtoa mtoto kwenye familia au kumzuia asirudi. Unapaswa kuwa ishara kwamba familia hiyo isaidiwe. Shule za serikali za msingi hazina ada. Muulize mtendaji wa kijiji kama kaya yako inaweza kuingizwa kwenye Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF. Usifiche hali yako. Ukiificha, afisa hawezi kukuombea msaada.

*"Upande wa pili nao wanamtaka."* Hiki ndicho kikwazo kikubwa. Upande wa baba wanasema mtoto ni wa ukoo wao. Upande wa mama wanasema mahari hayakutolewa. Wazee wanapeana maneno, na mtoto anaendelea kukaa kituoni. Kaeni kikao, mchague nyumba moja, na wengine wapangiwe likizo na sikukuu. Mahakama itaheshimu sana familia iliyokuja na neno moja.

> Kwa kifupi: Uzee unajibiwa kwa msaidizi. Umaskini unajibiwa kwa ukweli. Ugomvi unajibiwa kwa kikao. Visipojibiwa, vyote vitatu vinamchelewesha mtoto.

Wakati unasubiri

Kusubiri kunauma. Fanya mambo manne. Omba ratiba ya kumtembelea mjukuu na uishike, hata kama nauli ni ya kukopa. Ziara zako huingia kwenye kumbukumbu zake. Andika daftari la kila ulikokwenda, tarehe, na jina la uliyemwona. Usimwahidi mtoto siku ya kuondoka usiyoijua. Na usimtoroshe kamwe, hata mlinzi akisinzia: utampa kila mtu sababu ya kukunyima. Ukihisi mtoto anateswa mahali alipo, piga 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto. Simu hiyo ni bure.

Ukoko

Turudi kwa bibi wetu. Siku ya shauri, mtoto anaongea na hakimu bila bibi kuwapo chumbani. Anaulizwa akumbuke nyumbani kwa bibi kulikoje. Habari za haki na sheria hazijui. Anasema kuna mwembe, kuna kuku asiye na mkia, na bibi humpa ukoko.

Afisa anafungua taarifa yake na kumwonyesha hakimu mstari aliouandika wiki kadhaa nyuma, Mkuranga, kwenye nyumba yenye sakafu ya udongo. Watu wawili waliotenganishwa kwa miezi mingi, kila mmoja akiwa peke yake, wamesema neno lile lile.

Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Sheria nayo inauliza kazi hiyo: nani anayeifanya, nani anayeimudu, nani ataiendeleza. Kwa hiyo mzee wangu unayesoma sura hii, usiende ofisini na damu peke yake. Nenda na godoro lililotandikwa, jina la atakayekushika mkono, na kila kidogo unachokijua kuhusu mtoto huyo ambacho hakuna mwingine anayekijua.